Kochi Halina Breki

Jumatano, tarehe kumi na nne mwezi wa tano, kulikucha na ukungu mzito. Mvua ya usiku ilikuwa imekoma, lakini bati liliendelea kudondosha tone moja moja kwenye ndoo, na tope la uani lilikuwa la kunata, lile linalomvua mtu ndala na kumrudisha nyuma peku kuitafuta. Barazani kwa fundi makochi taa ilikuwa bado inawaka. Mwenyewe alikuwa amepiga magoti. Aliyepita njiani angedhani anasali, wala asingekosea sana, maana alikuwa ametoka kusema amina sasa hivi, na bila kuinuka akashika spana akaanza kufungua gurudumu la mbele la pikipiki yake.

Makochi mawili ya mteja, ambayo bado yalikuwa mifupa ya mbao, aliyasukuma ukutani. Pikipiki aliipandisha juu ya kreti za soda. Gurudumu likatoka, zikabaki shokapu, zile nguzo mbili za chuma zinazolishika gurudumu la mbele na kumeza mitetemo ya njia. Hizo ndizo alizozitaka.

"Bwana wee," mkewe aliita kutoka dirishani alikokuwa akishona foronya za mito, mguu kwenye cherehani, "mwenye makochi akija leo nimwambie nini?"

"Mwambie makochi yake yamefunga."

"Yamefunga?"

"Yamefunga na kuomba. Yakifungulia nitamwita."

Mkewe alicheka, akakumbuka kwamba mgonjwa amelala chumba cha pili, akakizima kicheko kwa kiganja.

Mgonjwa alikuwa mama yake fundi. Uvimbe ulikuwa umekaa katika uti wa mgongo wake, na dawa yake haikuwa ya kumeza. Ilipita mshipani polepole, daktari akiangalia, katika hospitali iliyokuwa ng'ambo ya bonde. Zamani gari lilifika mpaka mlangoni. Mvua zilipobomoa kivuko cha bondeni, magari yakakoma, zikabaki pikipiki tu zinazoweza kupenya ukingoni. Mama alipakiwa pikipiki. Safari ya kwanza alirudi kimya. Safari ya pili alirudi amejing'ata mdomo mpaka damu, na alipolazwa kitandani alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Baba, ugonjwa huu nauweza. Njia ile siiwezi. Siendi tena."

Daktari naye alikuwa amesema bila kuzungukazunguka: akikatisha dawa, uvimbe utammaliza kabla mwaka haujageuka. Na kesho, Alhamisi, ilikuwa zamu yake.

Basi fundi alikuwa amekaa na maneno hayo mawili, la mama na la daktari, kama mtu aliyekalia kiti chenye msumari. Aliomba asubuhi, aliomba akipiga stapla, aliomba akila. Hakuomba muujiza. Aliomba aonyeshwe jambo ambalo mikono yake inaweza kulifanya. Na siku moja, akiwa amepakia mito ya mteja kwenye pikipiki, alipita shimoni, mbele kukagonga kwa ukavu, na mkono wake ukasikia kilichokuwa ndani ya ile nguzo. Ilikuwa springi.

Alisimama pale pale njiani akamshukuru Mungu kwa sauti, watu wakamgeukia.

Maana maisha yake yote yalikuwa springi. Alizijua zilizolegea na zilizokaza, alijua kuzifunga kwa kamba ya katani zikae kama familia iliyopatana, moja ikibonyezwa nyingine zinasaidia. Kipimo chake kilikuwa kiganja. Alikiweka juu ya kochi, akakisukuma taratibu, na kikizama bila kukutana na kitu kigumu, kazi imekwisha. Mtaani walisema ukikalia kochi lake unasahau ulilokuja kuomba. Sasa mtu wa namna hiyo, mama yake anateswa na springi, angewezaje kulala?

Alikifungua kifuniko cha juu cha shokapu ya kwanza. Kiliruka kikampiga kidole, na nyuma yake kikachungulia kibomba kifupi cha chuma, ndicho kinachoikandamiza springi iwe imebanwa hata kabla haijabeba mtu. Fundi alikitazama akatabasamu. Katika makochi, springi iliyobanwa kupita kiasi ni kazi ya fundi mvivu. Alikibana kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma, akakikata kikabaki kisehemu.

Kisha akainamisha ile nguzo juu ya karai. Yakatoka mafuta meusi, mazito, yananuka kama samaki aliyesahauliwa. Alichovya kidole akayasugua. Ndiyo haya, alijiambia. Springi imezikwa kwenye lami, itabonyeaje?

Hakuwaza kwamba mafuta yale yaliwekwa mazito kwa makusudi. Kochi halina mafuta. Kitu pekee cha chuma nyumbani mwake kilichotiwa mafuta kilikuwa cherehani, na cherehani hupenda mafuta mepesi, maangavu, yanayopita kwenye tundu la sindano. Alinyoosha mkono dirishani akachukua chupa ya mkewe.

"Hayo yangu!" mkewe alisema.

"Ni ya mama leo."

"Basi chukua. Lakini cherehani ikianza kulia, utaibembeleza wewe."

Alimimina kidogo katika kila nguzo, akiacha nafasi kubwa ya hewa, kwa sababu hewa nayo ni laini. Kabla ya kufunga vifuniko aliweka viganja vyote viwili juu ya zile nguzo akaziombea, akitaja jina la mama yake. Mchana pikipiki ilikuwa imesimama uani kwa miguu yake yote. Alibonyeza usukani. Ukazama taratibu, mbali, bila kugota popote, ukarudi juu. Akabonyeza tena. Machozi yakamlengalenga.

Mama alitolewa nje ameshikwa makwapa, mkamwana upande huu na mwanawe upande ule. Walimpandisha nyuma, kwenye mto mnene ambao fundi alikuwa amekishonea kiti kile. Fundi akaishikilia pikipiki kati ya mapaja yake, akaitikisa mbele na nyuma, akaubonyeza usukani kwa nguvu kama mtu apitaye mashimoni.

"Mama, unasikiaje?"

Mama alikuwa amefumba macho akisubiri maumivu. Alifumbua jicho moja. Akafumbua la pili.

"Umeshaanza?"

"Nimeshamaliza."

"Ala!" Aliupapasa mto chini yake. "Nimezaa fundi makochi, sasa nakalia kochi lenye honi."

Wote watatu walicheka pale uani, na yule mama akacheka mpaka akaomba ashushwe, maana kicheko nacho kinauma mgongo. Aliporudishwa kitandani alisema akiutazama ukuta, "Kama ni hivi, kesho nitakwenda."

Fundi alitoka akaenda nyuma ya nyumba, akaegemea ukuta kwa paji la uso.

Alhamisi jua lilitoka zuri. Mama alikuwa ameshaoga, ameshavaa, ameketi ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani, shemeji alipofika. Huyu alikuwa kaka wa mkewe fundi, dereva wa pikipiki za abiria, na kijiweni walimwita Kona kwa sababu hakuwahi kuikata moja polepole. Alikuja ampakie dada yake waongozane. Alipoiona pikipiki ya fundi aliisogelea, akaubonyeza usukani mara moja, akaacha kutafuna kijiti chake.

"Shem, hii mbona imekuwa godoro?"

"Ndiyo ilivyotakiwa."

"Umetia mafuta gani?"

Fundi aliangalia mlangoni. Mama alikuwa anamsikiliza. Alimwona alivyoushika mkoba, akajua kwamba neno moja la kutia shaka litamrudisha kitandani, na kutoka kitandani hatainuka tena.

"Mafuta safi," alisema. "Panda, tuchelewe nini?"

"Niachie niijaribu pale mteremkoni. Dakika tu. Kochi halishuki mlima, shem wangu. Kochi halina breki."

"Na wewe umeshona makochi mangapi?"

Kona alicheka, akainua mikono. "Haya, mwenye mama ndiye wewe."

Walimfunga mama kwa shuka, tumbo lake mgongoni mwa mwanawe, kama alivyowahi kumbeba yeye akiwa mchanga, isipokuwa sasa mbebaji amekuwa mwingine. Mwanzoni ilikuwa raha. Njia ya juu ilikuwa na mawimbi ya tope lililoanza kukauka, na pikipiki iliyapita kama inaogelea. Fundi alisikia pumzi ya mama sikioni, tulivu. Mara akasikia anaimba. Ulikuwa wimbo wa sala, ule wa kushukuru, anauimba kwa pua. Fundi aliuitikia moyoni, na katika ule muda mfupi aliamini kwamba amesikiwa.

Wakaingia mteremko wa bondeni.

Hapakutokea ajali ya kusimulia. Jiwe moja lilikuwa katikati ya njia, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na fundi aliliona mapema, akashika breki ya mbele kwa upole kama siku zote. Mbele ikazama. Ikazama yote, mpaka mwisho, na huko mwisho hapakuwa na mafuta mazito ya kuishika wala kibomba cha kuikinga, chuma kikagonga chuma, gong! Uzito wote wa mama ukamwangukia mgongoni. Akashtuka akaachia breki, na springi iliyokuwa imebanwa bila wa kuituliza ikairusha mbele juu kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Akashika tena, ikazama tena, gong! Ikaruka tena. Mteremko mzima ulikuwa hivyo, kuzama na kuruka, na kila akijaribu kuiokoa aliiongezea, na mama aliyekuwa anaimba sasa alikuwa anapiga ukelele mmoja mrefu usio na neno ndani yake. Kisha ukelele ulikatika.

Hawakuanguka. Jambo hilo ndilo lililomla fundi baadaye. Pikipiki ilisimama wima chini ya bonde, taa nzima, vioo vizima, mto mahali pake.

Kona na dada yake waliiacha pikipiki yao mteremkoni, wakaja wakikimbia. Mama alikuwa hai, macho wazi, midomo ya kijivu.

"Mama," fundi alisema bila kugeuka, maana alikuwa bado amefungwa naye. "Mama, zungumza."

"Miguu yangu iko wapi?" mama aliuliza.

Ilikuwa palepale, kila mmoja upande wake wa pikipiki. Yeye tu ndiye hakuisikia.

Mkewe fundi alikuwa ameinama kufungua shuka. Nguzo moja ilikuwa imepasuka sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, na mafuta yalikuwa yanatiririka kwenye gurudumu, maangavu kama maji. Alinusa. Akamtazama mumewe. Kona naye alinusa, akamtazama dada yake, kisha shemeji yake.

"Ya cherehani," Kona alisema polepole. "Shem. Umetia ya cherehani."

Fundi alitamani angalau amtukane. Lakini Kona alivua koti lake akamfunika mama, akapanda mlima kwenda kutafuta watu.

Mama hakukubali kuvushwa bonde, wakamrudisha nyumbani juu ya ubao wa kukatia vitambaa, vijana wa kijiweni wanapokezana, wanakanyaga kwa uangalifu mkubwa. Muuguzi wa mtaa alikuja kwa miguu, akampapasa, akamchoma nyayo kwa ncha ya kalamu, akatoka barazani kuongea na mwana. Pingili moja ya uti imekaa chini, alisema. Ilikuwa imeshaliwa na uvimbe, imebaki ganda, ilingoja mshtuko tu.

"Mshtuko wowote?" fundi aliuliza.

Muuguzi alikuwa mtu mwema, akamwelewa. "Wowote ungeweza," alisema. "Lakini ni huu."

Kisha akaongeza, kwa sababu ilikuwa kazi yake kusema: dawa bado inafaa. Akifikishwa hospitali akalazwa, uvimbe unaweza kuzuiwa. Miguu haitarudi, lakini mtu atakuwepo. Na njia ni ileile.

Siku zilizofuata fundi hakugusa nyundo. Alikaa kwenye moja ya yale makochi yasiyokuwa na nguo, juu ya mbao tupu. Mkewe alimletea chakula, akakitoa kikiwa baridi. Alijaribu kusali. Alianza vizuri, akamsifu Mungu, akamshukuru, lakini kila alipofika mahali pa kukubali analolitaka Yeye, ulimi uligoma kama punda darajani. Aliwaza kwamba aliomba aonyeshwe jambo, akaonyeshwa springi. Au hakuonyeshwa kitu. Au alionyeshwa yeye akaongeza ya kwake. Hakujua lipi linatisha zaidi. Ndani mama aliugulia mchana kutwa, na akisikia mlango unalia alinyamaza ili mwanawe asisikie, na ule unyamavu ulimkata kuliko kuugulia.

Jumapili jioni majirani waliosali pamoja nao walikuja kumwona mgonjwa. Chumba kilikuwa kidogo, wengine walisimama kizingitini. Aliyewaongoza alikuwa mama muuza mkaa, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye siku hiyo aliongea kama anaogopa kuvunja kitu. Waliomba. Walipomaliza, muuza mkaa alimgusa fundi begani.

"Usife moyo, mwanangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo ni mimi, jirani," mama alisema kutoka kwenye mto. "Mhunzi ndiye huyo unayemshika."

Wengine walicheka kidogo, wakajuta. Kona akapata nafasi. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono bado ina giza la oili.

"Mama, pikipiki nimeirudisha ilivyokuwa," alisema. "Vibomba vipya, sili mpya, mafuta yake halisi. Nimeshuka nayo bondeni na gunia la mchanga nyuma, gunia halikutikisika. Tutakulaza kwenye ubao, tuufunge katikati ya pikipiki mbili, moja mbele moja nyuma, twende mwendo wa kinyonga. Vijana wamekubali. Hata kesho."

Fundi aliinua kichwa. Watu walimwona usoni, namna uso ule ulivyowaka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Hata kesho, mama," alisema haraka. "Sitaendesha mimi. Aendeshe Kona. Mimi nitashika ubao tu, nitembee kando."

Mama aligonga ukingo wa kitanda kwa kidole.

"Njoo hapa chini."

Alipiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa mama ukamfikia kichwani, mwepesi, mkavu.

"Uliponikalisha pale uani nikacheka," mama alisema, "nilikwisha kupona siku ile. Usifikiri ulinidhulumu. Ulinitengenezea mahali pazuri pa kukaa, basi. Lakini siendi."

"Mama, daktari alisema..."

"Nilimsikia. Nilikuwepo."

"Ukibaki utakufa."

"Nikienda nitakufa vilevile, na kabla ya hapo nitashuka lile bonde. Nakutazama, baba. Ukinipakia tena, hutakuwa unanipakia kwa ajili yangu. Utakuwa unajipakia wewe, uende ukasamehewe huko. Mimi nimeshakusamehe hapahapa, na hukuniamini."

Mkewe fundi alikuwa ameukamata mlango kwa mikono miwili.

"Nataka uniahidi," mama aliendelea, "na nataka uahidi kwa sauti, watu hawa wasikie. Kwa sababu najijua. Maumivu yatakaponizidi nitalia, huenda nikaomba nipelekwe popote. Na wewe nakujua zaidi. Ukisikia kilio changu utatafuta spana. Jirani, wewe na wenzako ni mashahidi wangu. Kona, na wewe. Akisahau, mumkumbushe."

"Mama, nikisema hivyo nitakuwa nimekuua mara ya pili," fundi alisema.

"Sema, mwanangu."

"Siwezi."

"Ulijifunza kusema kwangu. Sema."

Alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa analia bila sauti, akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia muuza mkaa, akitumaini kwamba mtu wa sala atapata neno la kumwokoa, lakini muuza mkaa alikuwa ameinamisha uso, na midomo yake ilikuwa inatembea. Akamgeukia Kona. Kona aliangalia viatu vyake. Basi akajaribu kumwita Mungu moyoni, na moyoni palikuwa kimya, kimya cha chumba kilichohamwa. Akaushika mkono wa mama, akainuka kwa goti moja ili aonekane na waliokuwa kizingitini, na sauti ilipotoka ilikuwa ngumu, kama si yake.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema, "mama yangu sitampakia tena. Sitamtoa nyumba hii kwa pikipiki, wala kwa gari njia ikitengenezwa, wala kwa mabega ya watu. Hata akilia. Hata nikilia mimi. Atabaki hapa, na mimi nitabaki naye."